Kadari na Sababu

Katika misiba ya mwambao wa Ziwa Victoria, kutoka Kirumba na Igogo mjini Mwanza hata visiwa vya Kome na Ukerewe, wafiwa hupewa mkono wa tanzia kwa kuambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba siku za marehemu zilikuwa zimetimia. Maneno haya ni ya kweli, na aliyepatwa na msiba hana faraja iliyo kubwa kuyapita. Walakini juu ya kilima cha Bugando, katika hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, yuko mtumishi ambaye, matanga yakiwa bado hayajaondolewa, hulifungua faili la marehemu yule yule na kulitafutia jawabu swali jingine: amekufa kwa sababu gani? Huyu ni mtunza kumbukumbu za afya, na yatupasa tufikiri kama swali lake ni ukaidi mbele ya kadari, au kama nalo ni sehemu ya utii.

Kazi yake ni nyepesi kuisimulia na nzito kuitenda. Huusoma mwandiko wa daktari, aghalabu ulioandikwa kwa haraka katika zamu ya usiku, huutambua ugonjwa uliokusudiwa, huutafuta katika orodha ya kimataifa ya maradhi, kisha huutia msimbo, yaani herufi na tarakimu ambazo mtu wa Mwanza na mtu wa Japani watazifahamu kwa maana moja. Orodha hiyo ina nasaba ndefu: Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893, Shirika la Afya Duniani likaipokea mwaka 1948, na toleo lake la kumi na moja lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kwetu Tanzania hesabu za zahanati, vituo vya afya na hospitali hukusanywa kwa MTUHA, mfumo uliosimikwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa madaftari makubwa ya karatasi, na ambao leo hupeleka takwimu zake kwa kompyuta.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa dagaa aliyezoea kuingia majini tangu utotoni, ambaye usiku mmoja alitapika damu akafa kabla hakujapambazuka. Daktari aliyechoka huweza kuandika kwamba moyo ulisimama. Hakusema uongo, lakini hajatueleza kitu, maana kila afaye moyo wake husimama. Fomu ya sababu ya kifo hairidhiki na jawabu hilo. Hudai liandikwe lililoua, na chini yake lililoleta hilo, na chini yake tena lililolitangulia, mpaka ifikiwe asili. Damu ya mvuvi wetu ilitoka katika mishipa iliyopasuka kwenye umio. Mishipa ilivimba kwa kuwa damu ilizuiliwa kupita katika ini. Ini lilijaa makovu yaliyoletwa na mayai ya kichocho cha tumbo. Na kichocho kilimwingia kwa ngozi, ndani ya maji yale yale yaliyompa riziki. Msimbo wa asili hiyo, katika toleo la kumi, ni B65.1. Lau tarakimu ya mwisho ingalikuwa sifuri, maana yake ingalikuwa kichocho cha kibofu, ambacho konokono wake katika nchi ya Usukuma hupatikana zaidi katika madimbwi na majaruba ya mpunga yaliyo mbali na ziwa. Dawa yao ni moja, prazikwanteli, lakini maji ya kupigwa vita ni mbalimbali, na afisa aketiye Dodoma hana njia ya kuyatambua ila kwa tarakimu ile moja iliyofuata nukta.

Sasa natuseme kwamba sababu hiyo haikuandikwa. Nafasi iliyoachwa tupu katika fomu hujazwa kijijini. Watu watasema kwamba mwanamume mwenye nguvu zake hatapiki damu bure. Atatajwa hasidi, atatafutwa mpiga ramli, na mwisho kidole kitamwelekea bibi kizee asiye na mtoto wa kumtetea. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga imebeba kwa miaka mingi fedheha ya vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na miongoni mwao wamo ambao ushahidi dhidi yao ulikuwa macho mekundu, yaliyofanywa mekundu na moshi wa jikoni. Sisemi kwamba karatasi ya hospitali ingaliwaokoa wote, kwani chuki na tamaa ya mashamba vina mikono yao katika dhuluma hiyo. Lakini nasema kwamba sababu iliyothibitishwa, ikaandikwa, na jamaa wa marehemu wakaelezwa kwa upole, humnyima mwenye kutuhumu silaha aliyokuwa akiitegemea.

Yupo atakayepinga akisema kwamba ajali ya kila mtu imeandikwa, na kwamba kuichunguza sababu ni kumtia Mungu katika hesabu zetu. Mwenye kusema hivyo na azikumbuke habari za Khalifa Umar bin Khattab, ambaye alipokuwa njiani kwenda Shamu alipata taarifa ya tauni, akaamua kurejea Madina. Abu Ubaida alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu na kuielekea kadari ya Mungu. Wakristo nao wanayo habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, ambaye wanafunzi waliuliza ni dhambi ya nani iliyompofusha, yake au ya wazazi wake, na Yesu akayakana yote mawili. Katika habari ya kwanza sababu inaheshimiwa pasipo kadari kukanwa. Katika ya pili maradhi yanaondolewa katika orodha ya hatia. Muumba aliyeipanga siku ya kufa ndiye aliyeipa damu njia zake na konokono makao yake, na mwenye kuzisoma njia hizo kwa unyenyekevu anaisoma kazi Yake.

Ikiwa ndivyo, mwenye kuandika sababu ni shahidi, na taksiri zake ni taksiri za shahidi. Ya kwanza ni kudai kujua asichokijua. Hata orodha ya kimataifa imeliona hilo, ikaweka R99 kwa kifo ambacho sababu yake haikujulikana. Mwenye kuiandika pale inapostahili ameuacha mlango wa uchunguzi wazi, ilhali mwenye kubuni ugonjwa ameufunga. Ya pili ni kuuza ushahidi. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, ugonjwa ulioandikwa katika fomu umekuwa hoja ya malipo, na anayeshawishika kutaja ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao, ili dawa fulani ilipwe, ameiba mara mbili: fedha ya wachangiaji, na ukweli ambao nchi itautegemea. Ya tatu ni kuifunua siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelikataza jambo hilo, lakini sheria haifiki kibarazani jioni, ambako jina la jirani na ugonjwa wake huweza kutamkwa kwa pumzi moja. Huko hufika dhamiri peke yake.

Vijana wengi leo wanaiendea elimu hii, katika astashahada na stashahada za vyuo vya kati, na hata katika shahada ya mifumo ya taarifa za afya ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Hufundishwa anatomia, takwimu, programu za kompyuta na matumizi ya misimbo, na yote hayo ni ya lazima, kwa maana asiyejua ini liko wapi hawezi kuufuata msururu wa sababu hata akiwa mcha Mungu. Lakini naomba walimu wao wasiyaache maadili yawe kipindi kimoja cha mwisho wa muhula. Wamwekee mwanafunzi mbele yake faili lenye shaka, wamtake aseme analolijua na akiri asilolijua, wampime kwa hilo kama wanavyompima kwa wepesi wa kuandika. Chuo kinachompa kijana cheti cha kuandika sababu za vifo vya watu kimempa daraja la shahidi. Na shahidi, katika kila dini na kila mahakama, kabla ya kusikilizwa huulizwa kama ni mwadilifu.