Chanzo na Matokeo

Msomaji, ukiona kuvu juu ya jani lililooza, utasema nini? Je, kuvu ndiyo iliyoliozesha, au uozo ndio ulioizaa kuvu? Swali laonekana dogo. Lakini mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ireland, na katika njaa iliyofuata walikufa watu wapatao milioni moja. Wataalamu wengi walishikilia kwamba kuvu ni matokeo ya uozo tu.

Anton de Bary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1831, hakutosheka na ushindani wa maneno. Alitwaa chembe za uzazi za kuvu hiyo, akazitia juu ya majani mazima, akazitazama kwa hadubini zikichipua na kupenya ndani. Mimea iliyotiwa ikaugua, isiyotiwa ikasalimika. Mwaka 1861 akautangazia ulimwengu kwamba kuvu ndiyo chanzo.

Basi, kutojua si aibu. Aibu ni kutoa hukumu pasipo kupima, kwani anayekosea chanzo hukosea na dawa, na gharama yake hulipwa na wenye njaa. Kabla hujalaumu, jiulize: nimepima, au nimedhani?