Jedwali la Vifo na Elimu ya Ghaibu

Tangu nianze shahada ya uzamili ya takwimu bima, kila baada ya swala naulizwa: kukadiria vifo vya watu si kudai ghaibu? Swali zito, maana Suratu Luqman, aya ya 34, imekata kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani.

Lakini jedwali la vifo halimtaji mtu. Linakadiria katika watu elfu wa umri mmoja watafariki wangapi mwaka huu. Ni nani, Allahu a'lam.

Kinachonitisha mimi ni mkataba. Mwaka 1985 Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah iliharamisha bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari, ikaelekeza kwenye bima ya ushirika, ambamo kila mmoja hutoa tabarrui kumfaa mwenzake. Hesabu ni zile zile! Na mfuko wa takafuli uliokadiriwa ovyo utamwacha mjane mikono mitupu, hata uwe halali namna gani.

Anayesita kujiunga na kozi hii tuonane baada ya Ijumaa. Nitaleta kitabu cha fiqhi ya muamalati. Yeye aje na kikokotoo.