Konda wa Mikono Mitatu

Jumapili moja, saa tatu usiku, mtoto wa dada yangu alikumbuka kwamba kesho yake walitakiwa kupeleka shule modeli ya chombo cha usafiri. Yuko Gredi ya 4. Dada alikuwa job, shifti ya usiku, kwa hivyo mzigo ukaniangukia mimi, anko asiye na haraka ya kuamka. Mtoto alikuwa ameshaanza mat yake: boksi la sabuni, vifuniko vinne vya soda, na kalamu moja ya zambarau, ndiyo pekee iliyokuwa bado inaandika. Dereva alikuwa mkubwa kuliko mlango. Konda alikuwa na mikono mitatu. Nilipouliza, akanieleza polepole kama mtu anayeongea na mgeni wa Nairobi: mmoja wa kushika pesa, mmoja wa kushika mlango, mmoja wa kuita watu.

Nikaona hii haiwezi. Nikashuka dukani nikanunua karatasi ya manila na gundi. Kufikia saa tano tulikuwa na mat ya maana, na michoro ubavuni kama zile za Buruburu. "Tulikuwa" ni uongo. Yeye alilala saa nne. Boksi lake nilikuwa nimeshalikatakata kutengeneza viti.

Tukapata EE, yaani amezidi matarajio. Kazi ya muhula uliopita, aliyoifanya peke yake, ilipata AE: anakaribia matarajio. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, hatimaye nimezidi matarajio ya mtu.

Enzi zetu shida ilikuwa tofauti. 8-4-4 ilipoanza 1985, sanaa na muziki vilitahiniwa. Baadaye KCPE ikapunguzwa hadi karatasi tano, na kisichotahiniwa kikafa kimyakimya. Shuleni kwetu kipindi cha sanaa kilikuwa kwenye ratiba ukutani, lakini aliyeingia darasani ni mwalimu wa hesabu. Tulichora nyuma ya madaftari, na tukila kichapo kwa sababu hiyo. Kwa hivyo mtaala wa CBC ulipofika madarasa ya chini nchi nzima 2019 ukirudisha kuchora na kuimba, mimi nilikuwa upande wake. Bado niko.

Lakini sikiliza vile tunavyoitetea sanaa. Wengine husema inasaidia hesabu. Wengine husema talanta inalipa, na Eastlando hatuwezi kubisha, wachoraji wa matatu wanalisha familia. Sawa. Ila hoja zote mbili zinaangalia kile kitakachotoka baadaye, alama ama pesa. Na kama tunataka kitu kitoke tu, basi haijalishi kimetoka kwa nani. Mat yangu ilikuwa safi kuliko yake, na hakuna aliyedhulumiwa.

Najua kuna aliyedhulumiwa. Yule mtoto hupanda mat kila asubuhi, na alikuwa amemtazama konda vizuri mpaka akagundua kwamba kazi ile inahitaji mwili ambao binadamu hana. Hiyo ilikuwa sanaa, na pia ilikuwa somo zima la jamii. Nikaikata kwa kisu cha jikoni. Halafu kuna yule mwenzake ambaye kwao Jumapili usiku hapakuwa na pesa ya manila wala anko. Yeye alishindana na mimi, mtu mzima, bila kujua.

Rafiki yangu anafundisha Kayole, darasa la watoto zaidi ya sitini. Nilipomweleza alicheka, akasema huwa anawajua maanko wote kwa kazi zao. Lakini ukiwa na modeli sitini mezani na alama za kujaza, kila moja unaipa sekunde kumi, na iliyo safi inapita. Sehemu za hesabu yeye huzifundisha kwa makofi: kundi moja linapiga mara moja, la pili mara mbili katika muda uleule, la tatu mara nne. Nusu na robo wanazisikia kabla ya kuziandika. Haigharimu chochote, na hakuna anko anayeweza kumpigia mtoto makofi hayo usiku. Shida ni kwamba ukuta wa darasa ni mabati, na jirani anafundisha Kiingereza.

Kwa hivyo kwangu swali si kama sanaa iingie darasani. Ni kama iko darasani kweli, ama tumeituma nyumbani na risiti.

Wiki jana mat ilirudishwa. Mtoto akaigeuza upande huu na ule, akauliza konda yuko wapi. Nikamwambia yuko ndani, ndio maana haonekani. Akaniangalia vile dada yangu huniangalia nikisema nitarudi chuo.