Mtu Akitunga Ulimwengu, Je, Asema Uongo?

Kila mwenye kazi ya kutunga, awe mwandishi, awe mwimbaji, awe mwalimu anayetayarisha mchezo wa wanafunzi, ajua taabu hii: siku moja akili yakauka kama kisima wakati wa kiangazi. Kalamu iko, karatasi iko, lakini neno halipo. Hapo wengine hufanya jambo la kushangaza. Huiacha kwanza kazi ile, wakaanza kutunga ulimwengu mzima usiokuwapo: milima yake, lugha zake, wafalme wake, hata hadisi za namna ulivyoumbwa.

Je, wafanya vema? Si kupoteza siku? Si uongo? Si majivuno, mtu kujifanya muumba? Tuyatazame maswali haya matatu kwa mfano wa mtu mmoja.

J.R.R. Tolkien, Mwingereza na Mkatoliki, alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892. Baba yake alikufa mwaka 1896, mama yake mwaka 1904. Yeye na ndugu yake wakabaki chini ya ulinzi wa Padre Francis Morgan wa Birmingham. Mwaka 1916 alipigana vita vya Somme, katika Ufaransa. Rafiki zake wawili wa tangu shule walikufa mwaka ule. Yeye alishikwa na homa iletwayo na chawa, akarudishwa kwao. Katika siku za ugonjwa ule alianza kuandika hadisi za ulimwengu wake, wala hakuziacha mpaka kufa kwake mwaka 1973.

Basi, alipoteza siku? Mwaka 1937 kitabu chake *The Hobbit* kilichapwa, watu wakakipenda, wachapaji wakaomba kingine. Akaanza, lakini hakujua hadisi iende wapi. Akakwama mara nyingi. Alipofika penye kaburi la Balin, ndani ya mapango ya Moria, alisimama karibu mwaka mzima. Lakini zile hadisi za zamani zilikuwa zikimngoja. Mwenyewe alieleza kwamba kitabu kipya kilivutwa na ulimwengu ule wa kale. Pete, ambayo katika kitabu cha kwanza ilikuwa kitu cha kujifichia tu, sasa ikapata asili yake, na mtu mbaya aliyeifua. Kitabu kikatoka mwaka 1954 na 1955, sehemu tatu. Achimbaye msingi haonekani kama anajenga. Lakini nyumba yasimama juu ya nini?

Hata hivyo hatari iko. Tolkien mwenyewe aliijua. Mwaka 1945 alitoa hadisi fupi ya mchoraji mmoja, Niggle, aliyependa kuchora mti wake, jani baada ya jani. Jirani yake akaja kuomba msaada, kwa kuwa mke wake mgonjwa na nyumba yavuja. Niggle alinung'unika, lakini alipanda kinga yake akaenda katika mvua. Hiyo ndiyo kanuni: ulimwengu tunaoutunga usitufunge masikio mlango ukibishwa.

Swali la pili: ni uongo? Mwaka 1931, mjini Oxford, rafiki yake C.S. Lewis alimwambia kwamba hadisi za kale, hata zikiwa nzuri, ni uongo. Tolkien alikataa. Na sisi twakataa pamoja naye. Mwongo ataka usadiki lisilokuwapo, apate faida. Bibi akituambia usiku penye moto kwamba Sungura alimshitaki Simba, nani ataamka asubuhi kutafuta baraza lile? Lakini wote tumeelewa kwamba mnyonge ana akili, na mkubwa hana haki kwa sababu ya meno yake. Tena mtungaji wa kweli hujifunga kwa sheria. Tolkien alihesabu siku za mwezi na mwendo wa safari za watu wake, ili hadisi isijipinge yenyewe. Mwongo hajipi taabu hiyo.

Swali la tatu: ni majivuno? Katika hadisi zake, zilizochapwa mwaka 1977 na mwana wake Christopher, yumo fundi aitwaye Aulë, mtumishi wa Mungu wa ulimwengu ule. Hakuweza kungoja saa ya Mungu; akafinyanga watu wafupi kwa siri. Alipoulizwa hakujitetea kwa kiburi. Alitoa kazi yake yote, akainua nyundo aivunje, huku akilia. Mungu akamhurumia, akaipa kazi ile uhai. Lakini Melkor, aliyetaka kuumba kwa ajili ya ukubwa wake mwenyewe, mwisho hakuumba kitu: aliharibu vya wengine tu. Wote wawili walitamani kutengeneza. Tofauti ilikuwa mkononi: mmoja aliufungua, mwingine aliufumba.

Kwa hiyo, ewe ndugu uliyekwama, usione haya kuanza mbali. Jiulize: katika nchi ya hadisi yangu, nani alichimba mto huu? Kwa nini watu wanaogopa kilima kile? Jibu moja litazaa lingine, na kisima kitarudisha maji. Na maji yakirudi, wape jirani wanywe.