Daftari la Wafadhili

Kisa hiki ni cha kutunga, na wahusika wake hutawaona Chanika hata ukiwatafuta. Yaliyomo, hata hivyo, yanaweza kumpata yeyote aliyewahi kuandika jina na namba yake ya simu kwenye daftari la michango.

Palikuwa na kikundi cha kusaidia yatima huko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ukishapita Gongo la Mboto na Pugu. Kilianzishwa na akina mama wa mtaa mmoja pamoja na wazee wachache, ili watoto wapate sare, madaftari na uji wa saa nne shuleni. Viongozi wake walikuwa waaminifu. Fedha zilikaa benki, na hazikutoka bila saini tatu. Mapato na matumizi yalisomwa mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, na haikupotea hata shilingi.

Daftari la wafadhili, kwa upande wake, lilikaa mezani, na kila aliyeingia aliweza kulifunua. Lilikuwa kaunta buku ya kawaida, yenye safu tano zilizopigwa kwa rula: jina, mtaa, simu, kiasi, maelezo. Hatari ilikuwa kwenye safu ya mwisho. Katibu, kwa kutaka kuwajua vizuri watu wake, aliandika humo kila alichosikia: “Mwalimu mstaafu, mjane, anaishi peke yake.” “Mwanawe yuko Muscat, humtumia fedha kila tarehe 5.” “Hakatai akiambiwa mtoto anaumwa.”

Mwaka ulipoisha, katibu alizipiga picha kurasa za daftari na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kama shukrani kwa waliochangia. Watu walifurahi, wakazisambaza kwenye makundi mengine ili kuwahamasisha wenzao. Wiki hiyohiyo dalali mmoja wa viwanja aliahidi mifuko kumi ya saruji, akaomba apewe namba za wafadhili awaeleze biashara yake. Mwenyekiti akampa. Waliochangia hawakuulizwa, na hakuna kiongozi aliyeona kosa, kwa kuwa nia ilikuwa njema.

Haukupita muda, yule mwalimu mstaafu alipigiwa simu jioni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Napiga kutoka kwenye kikundi chetu cha yatima. Ile elfu ishirini yako ya mwezi uliopita tuliipokea, Mungu akuzidishie. Sasa kuna mtoto wetu amelazwa, anatakiwa kufanyiwa upasuaji usiku huu. Simu ya mweka hazina imeharibika, tuma kwenye namba hii. Litatokea jina jingine, usishtuke, ni la muuguzi.”

Mpigaji alijua jina lake, kikundi chake na kiasi alichotoa. Mwalimu angemtilia shaka kwa lipi? Alituma laki moja na nusu, karibu yote aliyokuwa nayo ya matumizi ya mwezi. Siku chache baadaye alipomuuliza mweka hazina hali ya mgonjwa, aliambiwa hakuna mtoto aliyelazwa. Ilipochunguzwa, ikabainika kuwa wafadhili wengine nao walikuwa wametuma na kukaa kimya.

Kwenye mkutano Mwalimu alisimama, akasema maneno machache: “Fedha zangu nimesamehe. Ninachouliza ni kimoja: nani alimwambia mtu yule kwamba naishi peke yangu?”

Viongozi hawakuwa na jibu. Tangu siku hiyo michango ilipungua wiki hadi wiki. Mmoja alibadili namba, mwingine akasema sadaka yake ataitoa kwa mkono wake. Hatimaye uji ulikatika. Walioadhibiwa kwa kosa la watu wazima wakawa watoto.

Funzo ni hili: orodha ya wafadhili ina thamani kuliko fedha zilizomo kwenye sanduku. Fedha zikiibwa, zinaweza kuchangishwa upya. Orodha ikitoka imetoka, haikusanyiki tena. Tena tapeli hupewa kazi iliyokwisha kufanywa: watu wenye huruma wamekwisha kuchambuliwa, na inajulikana wanaguswa na nini na hutuma kiasi gani.

Tusidhani jambo hili ni la vikundi vidogo vya uswahilini tu. Uingereza, alipofariki mwaka 2015 bibi wa Bristol aitwaye Olive Cooke, akiwa na miaka 92, uchunguzi ulionyesha kuwa mashirika 99 ya hisani yalikuwa na taarifa zake, na 24 kati ya hayo yalikuwa yamezipitisha kwa wengine. Familia yake ilieleza kwamba maombi ya michango aliyotumiwa na mashirika hayo hayakuwa chanzo cha kifo chake. Hata hivyo taifa zima lilishtuka kuona mtu mmoja mkarimu alivyozungukwa. Desemba 2016, mamlaka ya taarifa ya nchi hiyo iliyatoza faini mashirika mawili makubwa ya hisani: RSPCA pauni 25,000 na British Heart Foundation pauni 18,000. Miongoni mwa makosa yao ni kupeleleza utajiri wa wafadhili bila wao kujua.

Hapa kwetu, faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Misingi yake yeyote anaielewa. Kusanya unachohitaji tu. Mweleze mtu unakusanya kwa ajili gani. Usitumie kwa jambo jingine, wala usimpe mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe. Anayezitoa taarifa hizo kinyume cha sheria anaweza kupata faini au kifungo, na nia njema ya katibu haimkingi Mwalimu na simu ya jioni.

Basi, viongozi wa vikundi na mashirika ya hisani, daftari liwekwe kabatini na kufungwa kwa ufunguo, na watakaolishika wajulikane kwa majina. Futeni safu ya maelezo. Shukrani zitolewe bila namba za simu wala kiasi. Anayetaka kuwafikia wafadhili wenu aandike ujumbe wake, muupeleke ninyi, na anayependa atajibu mwenyewe. Ikitokea taarifa zimevuja, waambieni wahusika siku hiyohiyo, kabla tapeli hajawatangulia.

Nawe unayechangia, kabla hujaandika namba yako, uliza italindwa na nani. Ukiombwa kutuma fedha kwenye namba mpya, mpigie kwanza kiongozi unayemfahamu, kwa namba yake uliyoizoea. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040 ili mamlaka ya mawasiliano ishughulike nao. Nawe kiongozi, aliyekupa sadaka amekukabidhi amana mbili, fedha yake na jina lake, na zote mbili utaulizwa.