Kusubiri si uvivu, lakini…

Nilipoacha chuo nikarudi Lafey, kila mtu aliniuliza swali moja: "Sasa unafanya nini?" Nami jibu langu lilikuwa moja: nasubiri. Wakati wangu bado.

Ilikuwa Julai, msimu wa hagaa. Usidhani huku Mandera ni jua kali mwaka mzima. Kuna asubuhi za mawingu na upepo ambazo hutaki kutoka kwa shuka. Mimi na mtoto wa dada yangu tulikuwa tumechonga ndege kwa lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la TV. Haina injini. Unairusha kwa mkono, inateleza hewani, inatua. Sekunde chache, basi.

"Abti, tungoje jua," akasema.

Alikuwa na hoja. Juu ya mgunga tumbusi walikuwa wamekaa tu. Mwili wao ni mzito, kupiga mabawa muda mrefu kunawachosha, kwa hiyo wanangoja ardhi ipate joto na hewa inayopanda iwabebe bure. Na inawabeba kweli: mwaka 1973 tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, mita kama 11,000 angani. Nani atamwita huyo mvivu?

Lakini kuna kitu sikuwa nimekielewa. Hewa haipandi kwa sababu joto ni jingi. Inapanda kwa sababu ina joto kuliko hewa jirani. Hata siku ya baridi, wingu likiachia kidogo, udongo mtupu hupata moto kabla ya kichaka, na hewa hupanda pale, nyembamba, kwa muda mfupi. Usipokuwepo, imekupita.

Tumbusi hulala njaa akisinzia. Amekaa, ndiyo, ila anatazama: akiona mwenzake anazunguka bila kupiga bawa, anaenda palepale. Mimi nilikuwa nimekaa nikitazama simu.

Tukahamia kwenye udongo mtupu kando ya barabara. Tulirusha, ikaanguka. Tukarusha tena, ikaanguka. Kisha jua likachungulia, bawa moja likainuka kama limesukumwa, na ndege ikapanda juu ya vichwa vyetu, ikazunguka mara mbili, ikashuka taratibu.

Sisemi kila aliye chini ni mzembe. Kuna asubuhi hewa haipandi popote, na kuna watu wamezaliwa kivulini. Lakini siku hizi nikijiambia nasubiri, najiuliza maswali mawili: macho yangu yako wapi? Na leo nimerusha mara ngapi?