Makali ya Picha

Picha ikitoka poa tunasema ni kali. Ni neno lilelile tunalotumia kwa kisu, pilipili na mbwa wa jirani. Tena picha hatuichukui tu, tunaipiga. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, unapata swali ambalo mafunzo ya kamera huyaruka: kitu kikali, kilichopigwa, kinamkata nani?

Mimi hupiga picha mtaani, hasa katikati ya Nairobi, na najua vita dhidi ya ukungu. Ukungu huja kwa njia tatu: mkono wako umetikisika, mtu amesonga, au fokasi imekaa mahali pasipofaa. Dawa zake si siri. Ukiwa na lenzi ya milimita 200, usishuke chini ya 1/200 ya sekunde. Anayekimbia anataka 1/500 au kasi zaidi. Ukifungua lenzi hadi f/1.8, jicho litakuwa safi na sikio litapotea. Ukiibana hadi f/8, vyote viwili vina nafasi ya kuonekana. Kamera za siku hizi hata zinalitafuta jicho la mtu zenyewe.

Lakini kamera haijui kama mwenye jicho anataka kuonekana. Nikichagua uso mmoja kwenye umati, nimeamua huyu ajulikane na wengine wawe mandhari. Yeye hajaulizwa.

Kuna watakaoniambia picha kali ni ushahidi, na wana hoja. Mwaka 1984 Mkenya Mohamed Amin alirekodi njaa ya Ethiopia, na dunia ikaanza kutoa msaada kwa sababu iliona nyuso, si takwimu. Ukungu pale ungekuwa dhuluma.

Sasa rudi Nairobi, 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Picha inayoonyesha wazi afisa ameinua bunduki inamwonyesha wazi pia kijana aliye mbele yake, mpaka kovu la shingoni. Ukizuum, unamjua. Kufikia mwisho wa mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa nyara au kutoweka tangu Juni. Sisemi picha ndizo zilizowaponza. Nasema mpigapicha aliyekuwa barabarani hangeweza kujua faili yake itafunguliwa na nani.

Je, basi tuwafiche wote? Hapana. Wengi siku hiyo walibeba mabango bila barakoa kwa makusudi. Kumfifisha mtu aliyeamua kusimama hadharani ni kumnyang'anya ujasiri wake, halafu ujiite mlinzi wake. Ndiyo maana siamini sheria moja ya kila picha. Naamini kuuliza, na pale ambapo hakuna nafasi ya kuuliza, kupima: makali haya yanamsaidia nani, na yakikata, atakayeumia ni nani? Mwenye bunduki na mamlaka namtaka hadi namba ya beji. Kijana naweza kumpiga kutoka nyuma, na bango lake bado likasomeka.

Ukweli haupungui kwa hilo. Picha za Robert Capa za Wamarekani wakitua Normandy, 6 Juni 1944, zina ukungu mwingi, na bado ukiziona unaelewa hofu ya wale askari. Mwenyewe alikipa kitabu chake cha 1947 jina Slightly Out of Focus.

Sheria nayo imeanza kuamka. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 mwaka 2023 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini. Lakini faini huja baada ya picha kusambaa. Kabla ya hapo, kuna wewe tu, kidole juu ya kitufe, na mtu mbele yako ambaye pengine hata hajakuona.